Sala Nne kwa Mishale Sita

Namshukuru Mungu kwa ajili ya Katibu wetu wa chama cha mishale. Nasema hivyo bila kinyongo. Chuo cha Biblia walinifundisha subira kwa vitabu vitatu na mitihani miwili, nikafaulu vizuri, lakini sikuwa nimepata mahali pa kuitumia yote mpaka nilipokutana na mtu huyo.

Ilikuwa miaka ya tisini, soko huria limekwisha kuingia Dodoma na kukaa sebuleni bila kupiga hodi. Maji yalianza kuuzwa kwenye chupa, katika mji ambao mabomba yake yalitoa upepo. Watumishi wa serikali walipewa barua za kupunguzwa kazini, barua zenye lugha nzuri kiasi kwamba wengine waliziweka kwenye fremu kabla ya kuzielewa. Na kila mwenye chumba na mhuri alianzisha chama, na kila chama kilitafuta mfadhili. Katibu wetu alikuwa na chumba na mhuri, tena alikuwa na simu ya mezani iliyopokea tu. Mfadhili akampigia.

Yakaja makasha matatu, na ndani ya kila kasha upinde. Si upinde ule tunaoujua. Hizi zilikuwa za chuma, zina gurudumu dogo kila ncha, nyuzi zinazopishana, na kioo cha kulengea. Ukianza kuuvuta ni mzito kama ndoo ya kisima kirefu. Magurudumu yakishageuka unalegea ghafla, na unaweza kuushikilia hapo huku ukitafakari dhambi zako. Mshale hauachiwi kwa vidole bali kwa kifyatulio kidogo unachokifunga mkononi. Wazee wa Kigogo waliokuja kuzitazama walizizunguka, wakazigusa kwa fimbo, wakasema huu si upinde, ni baiskeli.

Pamoja na makasha ilikuja barua. Pinde ni za wanawake. Iundwe timu ya wanawake watatu, ishiriki mashindano ya kimataifa. Katibu aliisoma mara mbili, kisha akaigeuza kuona kama wanaume wametajwa upande wa nyuma. Hawakutajwa. Kwetu mwanamke hashiki upinde. Akiuruka tu ukiwa chini, mwenye upinde atakuambia hauwezi tena kuua hata kwale. Lakini barua ya mfadhili ina nguvu kuliko mila, jambo ambalo wamisionari walilijua zamani.

Ndipo Katibu akaja nyumbani kwangu.

"Shikamoo, Mama Mwalimu."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Tunakuomba uwe mlezi wa timu. Akina mama wakishika silaha, ni vizuri pawe na mtu wa kuwaombea."

"Na wanaume wakishika silaha nani huwaombea?"

"Wale wanajua, Mama."

Nikakubali. Nilikuwa mwalimu wa dini, umri wangu umeshapita ule wa kuogopa maneno ya watu, na nilitaka kuona.

Majina ya wale wanawake watatu nayaacha, maana wapo hai na wana wajukuu wanaosoma. Wa kwanza nitamwita karani. Alikuwa mpiga chapa wizarani kwa miaka kumi na minane, kisha akapata mojawapo ya zile barua nzuri. Kwa miezi kadhaa baada ya barua hiyo aliendelea kuamka saa kumi na moja alfajiri, akavaa viatu vyake vya ofisini vyenye kisigino kifupi, akakaa kitandani navyo. Hakuwa na pa kwenda. Uwanja wa mishale ulimpa pa kwenda, naye alikuja na viatu vile vile.

Wa pili alikuwa mkulima wa vijiji vya nyuma ya Buigiri, mwanamke wa mikono mirefu aliyejifunza Kiswahili mnadani na kanisani, hivyo kila alichosema kilikuwa ama bei ama baraka. Wa tatu alikuwa mwanachuo, mfupi, mwepesi, mwenye heshima kupita kiasi. Heshima yake nitairudia, kwa sababu ilitugharimu.

Tulifanyia mazoezi kiwanja kilichokuwa nyuma ya nyumba za mwisho za Chang'ombe. Shabaha tulizifunga kwa mabua ya uwele, na kila asubuhi tulikuta mbuzi wamezila mpaka katikati. Mbuzi walikuwa watazamaji wetu waaminifu. Wanachama wenzetu wanaume walikuja mara moja, wakatazama, wakacheka, wakaenda kunywa soda.

Sheria ya timu ni hii: wanawake watatu, mishale sita, kila mmoja miwili, dakika mbili, na mechi ni raundi nne za hivyo. Anaingia mmoja mstarini, anapiga mmoja, anatoka, anaingia mwenzake. Filimbi ikilia na mshale ungali mkononi, mshale huo ni sifuri. Saa maalumu ya kupimia muda Katibu alikuwa ameiahidi tangu Kwaresima, na Katibu hakuwahi kuvunja ahadi, aliziahirisha tu. Kwa hiyo nilipima kwa njia niliyokuwa nayo. Nilisimama nyuma yao nikasali Sala ya Bwana kwa sauti. Sala nne, dakika mbili. Nilikuwa nimeipima hesabu hiyo mara moja, kwa saa ya ukutani, siku niliyokuwa na haraka ya kwenda msibani.

Wiki mbili kabla ya mashindano Katibu aliita kikao.

"Masharti ya mfadhili ni kwamba akina mama washiriki," alisema. "Wakishashiriki, masharti yametimia. Baada ya hapo pinde zitahamia timu ya wanaume, ambao wana uzoefu."

Uzoefu wao ulikuwa ule wa soda. Karani akasimama. Nilimwona akishika ukingo wa meza.

"Na tukishinda, Katibu?"

Wajumbe walicheka kwa upendo, kama watu wanavyomcheka mtoto anayesema atakuwa rubani.

"Dada yangu, mkishinda hata mechi moja, pinde ni zenu moja kwa moja. Nasema mbele ya wajumbe."

"Iandikwe kwenye muhtasari."

"Itaandikwa."

"Niandike mimi," alisema karani, na akaandika, kwa mashine ya Katibu mwenyewe, nakala tatu, bila kosa hata moja. Alinipa moja niitunze ndani ya Biblia. Nikaiweka kwenye Kitabu cha Ayubu.

Siku ya mashindano tulikusanyika upande wa Chimwaga, ambako wakati huo palikuwa na ukumbi mkubwa na vichaka vingi. Mashindano yalikuwa ya kimataifa kweli kweli. Nchi tano zilialikwa, tatu zikajibu, mbili zikafika. Ya kwanza ilikuwa jirani zetu, wanawake wachangamfu waliokuja na sufuria zao. Ya pili ilitoka mbali zaidi, ikashuka kwenye basi la kukodi ikiwa na viti vya kukunja, miavuli, na mtu maalumu wa kubeba chupa za maji. Ratiba ilikuwa rahisi: mechi ya asubuhi na jirani, mechi ya mchana na wale wa miavuli. Mgeni rasmi alichelewa saa mbili tu.

Katibu, ili kumfurahisha mgeni rasmi, aliomba upinde mmoja auoneshe. Akachukua wa karani.

Sasa, mwindaji wa kwetu akipewa upinde asioujua huuvuta mtupu, bila mshale, na kuuachia, asikie ugwe, ule uzi wake, unasemaje. Upinde wa mti hauumii kwa hilo. Upinde wa magurudumu unaumia, kwa kuwa nguvu yote iliyokusudiwa mshale inarudi ndani yake. Karani alikuwa amemwambia Katibu jambo hilo mara tatu. Mtengenezaji naye alikuwa amelichora kwenye mkono wa upinde, picha ndogo nyekundu yenye msalaba juu yake, kwa ajili ya wasiosoma. Katibu alikuwa amesoma.

Akavuta, uso ukabadilika rangi, magurudumu yakageuka, akatabasamu kwa mgeni rasmi, akaachia.

Ulitoka mlio kama jiwe juu ya bati. Gurudumu moja liliruka hadi kwenye meza ya wageni, ugwe ukamchapa Katibu kiganjani. Mungu ni mwema, hakuumia. Aliutazama upinde kwa masikitiko ya mtu aliyeuziwa kitu kibovu.

"Ubovu wa kiwandani," alisema kwenye kipaza sauti.

Mgeni rasmi akapiga makofi.

Karani alisogea mbele. Aliokota gurudumu lake mezani kwa wageni, akalifuta vumbi, akaliweka mfukoni. Kisha akanigeukia.

"Mama, tutafanyaje?"

Mwanachuo alikuwa mfupi, upinde wake haukuwafaa wenzake. Lakini karani na mkulima walikaribiana urefu wa mkono. Wangetumia upinde mmoja, wa mkulima, wakipokezana mstarini. Mpangilio ulikuwa umeshaandikishwa, nao mwamuzi, mama mmoja mgeni mwenye filimbi shingoni, hakutaka ubadilishwe: mwanachuo, mkulima, karani.

Wakaingia mechi ya asubuhi.

Mwanachuo alipiga vizuri, akarudi nyuma, akasimama pembeni kumpisha mkulima kama ipasavyo kumpisha mkubwa. Mkulima akapiga katikati, alama kumi safi. Kisha akatoka mstarini, akamgeukia karani, ambaye alimzidi miaka sita, akakunja goti kidogo, akamkabidhi upinde kwa mikono miwili.

"Pokea, dada."

"Asante, mdogo wangu. Pole na kazi."

"Nimeshapoa. Karibu."

"Starehe."

Filimbi ililia karani akiwa bado anainua mkono kwa mshale wake wa pili. Raundi iliyofuata, hivyo hivyo. Ya tatu, hivyo hivyo. Mwamuzi alinitazama. Mimi nilikuwa nyuma yao, nasali kwa sauti ya chini, na kwa hesabu yangu tulikuwa na sala nzima mkononi. Nilidhani filimbi yake ndiyo mbovu. Viwanda vya siku hizi.

Raundi ya nne waliwahi, kwa kuwa mwanachuo na mkulima walipiga haraka kupita kiasi, na wakapiga vibaya. Mishale mitatu ilibaki mikononi siku ile, na tulishindwa kwa pointi kumi na moja. Mtoto wa darasa la pili angekuambia mishale ile mitatu ilikuwa na thamani gani.

Tulikaa kivulini mwa lori. Wenzetu wa jirani walituletea wali kutoka kwenye sufuria zao, kwa huruma, na hiyo ilituuma zaidi. Karani alikuwa amevua viatu vyake vya ofisini, ameviweka sambamba mbele yake, anavitazama.

"Sielewi," nilisema. "Kwenye mazoezi mlikuwa mnamaliza kabla ya 'kwa kuwa ufalme' ya sala ya nne."

Mwanachuo akaanza kuchora chini kwa kijiti.

"Mama Mwalimu, samahani."

"Sema, mwanangu."

"Mimi nina saa ya mkononi. Sala zako nne ni dakika tatu kasoro kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo, Mama."

"Na hukuniambia?"

Akainamisha kichwa. "Ningekukatizaje, Mama? Ulikuwa unasali."

Nimesoma habari za watu waliopigwa na ukweli wakaanguka chini njiani. Mimi nilikuwa nimeshakaa, kwa hiyo nilibaki nimekaa. Miezi mitano nilikuwa nimewafundisha wanawake wale dakika mbili zenye dakika tatu ndani yake. Niliwafundisha pia kupishana, kungojana, kupokea kwa mikono miwili. Mambo mazuri yote, na yote yalikuwa yamewekwa mahali pasipo pake. Na karani alikuwa anatazama viatu.

Nikasimama.

"Sikilizeni. Mnajua foleni ya bombani maji yakitoka mara moja kwa wiki?"

"Tunaijua," alisema mkulima.

"Pale kuna shikamoo?"

"Pale kuna kiwiko."

"Basi. Mchana huu nawapa ruhusa, mimi mlezi wenu, mbele za Mungu anayenisikia. Hakuna asante, hakuna pole, hakuna goti. Mnanyang'anyana. Ruhusa ya kukosa adabu, mpaka jua lizame."

Mkulima alinitazama kwa mashaka ya kidini.

"Hata kwa mkubwa?"

"Kwa mkubwa hasa," alisema karani, akavaa viatu.

"Na Mama," alisema mwanachuo kwa sauti ndogo, akiwa ameanza tayari kuitumia ruhusa, "tunaomba leo usisali kwa sauti."

Mchana upepo ukaamka. Anayeijua Dodoma anaujua upepo huo wa kiangazi, unaokuja na vumbi jekundu na mifuko ya plastiki. Wale wa miavuli waliona miavuli yao ikielekea Singida. Walikuwa wapigaji wazuri kuliko sisi, sitadanganya. Lakini walipiga kwa saa zao, tik, tik, tik, kila mshale kwa wakati wake, upepo uwepo usiwepo, na mishale yao ikaanza kwenda kushoto.

"Upepo huu unahema," mkulima aliwaambia wenzake wakijipanga. "Kama wakati wa kupepeta uwele. Unavuta, unapuliza, halafu unapumzika kidogo. Hapo kwenye kupumzika ndipo unamwaga. Msipige ukipuliza. Ngojeni."

"Muda wa kungoja upo?" aliuliza karani.

"Ukininyang'anya vizuri, upo."

Filimbi ikalia. Nimeishi miaka mingi, nimeona ugomvi wa sokoni na wa kamati ya harusi, lakini sijaona kunyang'anyana kama kule. Mkulima alikuwa hajatoka mstarini vizuri karani ameshaukwapua upinde. Karani akimaliza, mkulima anautwaa kama mtu anayemnyang'anya mbuzi ndoo ya unga. Mwanachuo, yule mtoto wa heshima, alimsukuma karani kwa bega ili apite, na karani akasema, "Hivyo hivyo!" Wazee wa Kigogo waliokuwa wamekuja kucheka waliacha kucheka. Mmoja alisema, "Hawa sasa wanagombea nyama," kwa sauti ya mtu anayeona kitu anachokielewa.

Na muda waliouiba kwenye adabu waliutumia kungojea upepo. Wanavuta, magurudumu yanageuka, upinde unalegea, wanabaki wameushikilia, vumbi linapita, linapita, linatulia. Ndipo mshale unaondoka. Subira ile niliyowafundisha ilikuwepo yote. Ilikuwa imehamia tu chumba chake.

Raundi ya mwisho, mshale wa mwisho, ulikuwa wa karani. Mwanachuo alikuwa akihesabu kwa vidole, akatuambia: nane au zaidi, tumeshinda. Karani alivuta. Upepo ukapuliza. Akabaki ameshikilia. Viatu vyake vya kisigino kifupi vilikuwa vimezama kidogo kwenye mchanga. Mwamuzi aliinua filimbi hadi mdomoni. Nilisali moyoni, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilisali haraka, nikaruka mkate wa kila siku nikaenda moja kwa moja kwenye yule mwovu. Upepo ukapumzika. Mshale ukaondoka, na filimbi ikalia juu yake.

Tisa.

Sitaeleza shangwe. Jirani zetu walipiga sufuria zao. Karani hakushangilia, alikaa chini pale pale mstarini, akafunika uso kwa mikono miwili. Mkulima akasimama mbele yake kumkinga na macho ya watu.

Hotuba ya kufunga ilitolewa na Katibu. Alieleza jinsi uongozi wake ulivyoandaa ushindi huo kwa muda mrefu. Alikuwa ameshika pinde zetu mbili, moja kila mkono, kwa ajili ya picha. Alipomaliza, karani alimwendea, na mimi nikafuata na Biblia yangu.

"Katibu, tumeshinda mechi moja. Pinde ni zetu, kama ilivyoandikwa."

"Hongera sana, dada yangu, hongera. Tutalizungumza."

"Limeshazungumzwa. Muhtasari upo." Nikafungua Kitabu cha Ayubu.

Katibu aliusoma wote, kwa makini, akaitikia kwa kichwa kwenye kila mstari.

"Umeandikwa vizuri mno," alisema. "Tatizo ni moja. Muhtasari huu haujathibitishwa. Muhtasari huthibitishwa kwenye kikao kinachofuata. Kikao kinachofuata nitakiita mimi, hali ikiruhusu. Kwa sasa pinde zinaingia stoo."

Karani aliifunga Biblia yangu. Alikuwa amefanya kazi ofisini miaka kumi na minane, alijua kwamba alichosema mtu yule ni kweli. Nilimwona akitazama tena viatu.

Mkulima akanivuta upindo wa kitenge.

"Mama Mwalimu. Ile ruhusa yako imekwisha?"

Nikageuka magharibi. Jua lilikuwa limebakiza kama mikono miwili juu ya vilima.

"Nilisema mpaka lizame," nilimjibu. "Lile pale."

Akamwendea Katibu. Kwa kuwa alikuwa mtu mwema, alianza na baraka.

"Shikamoo, Katibu."

Hakuna mtu wa nchi hii anayeweza kusalimiwa hivyo mbele ya wageni akanyamaza. Katibu aliegemeza upinde mmoja begani ili apate mkono wa kuinua, na kabla mkono haujafika popote, pinde zote mbili zilikuwa zimeondoka. Mkulima alikuwa amezitwaa kwa mtindo wa foleni ya bombani, kwa kiwiko.

"Marahaba," alisema Katibu, maana hakuwa na jingine lililobaki la kusema.

Hatukukimbia. Tulitembea hadi barabarani, wanawake wanne na pinde mbili, wazee wa Kigogo wakitupisha njia. Upinde wa tatu tulimwachia Katibu, kwa kuwa ulikuwa na ubovu wa kiwandani. Nasikia aliutundika ofisini kwake, na kwamba aliwaambia wageni ulitumika kimataifa. Kikao cha kuthibitisha muhtasari bado nakingoja, kwa subira.

Jumatatu asubuhi nilipofika kiwanjani Chang'ombe, kwenye vumbi palikuwa na alama za kisigino kifupi, zimeshafika hadi mstarini na kurudi mara nyingi. Mbuzi nao walikuwa wameshafika. Mwanachuo alinikabidhi saa yake ya mkononi, kwa mikono miwili.